Binti yangu alipewa majina ya marehemu wote wa ukoo, na bado hakuitika

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mama mtu mzima, nyanya kwa wengi wenu, na nimejiunga humu juzi tu baada ya binti wa jirani kunionyesha pa kubonyeza. Nitakayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe. Sina haja ya kuongeza chumvi, hata daktari wa pressure amenikataza.

Kilichonichokoza ni uzi wa ndugu mmoja humu wiki iliyopita. Anasema autism ni ugonjwa wa watoto wa siku hizi, umeletwa na simu, cartoon na vyakula vya supermarket. Likes zimejaa. Watu wanamshukuru kwa elimu.

Sasa nataka huyo mtaalamu anisaidie kidogo. Binti yangu alizaliwa Kisumu miaka ya themanini mwanzoni. Chumba chetu cha kupanga pale Nyalenda hakikuwa na simu, hakikuwa na TV, na taa ya stima tuliiona kwa mwenye nyumba. Chakula kilikuwa ugali, sukuma wiki na samaki. Labda aliipata hiyo autism kwa kuitazama sana redio ya baba yake.

Haya, tuanze mwanzo.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mashine yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja la vitambaa mjini, duka la familia ya Kihindi. Wao waliuza kitambaa ndani, mimi nikashona nje, na mteja akaondoka amevaa. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Kwao ni Usenge, ufukweni, watu wa samaki. Kwetu ni Kano, upande wa Ahero, ambako tunalima mpunga na mafuriko huingia nyumbani bila kubisha hodi. Kwa sababu hiyo wakwe zangu waliniita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, na walilitamka kwa namna ambayo ungedhani Kano ni kosa la jinai.

Mtoto tulimwita Akoth kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Kwetu jina la kwanza si kazi ngumu, unachungulia tu nje.

Akoth alilia, wakuu. Alilia akivalishwa gauni, akalia akivuliwa, akalia jirani akiburuta ndoo ya bati. Akafika umri wa kutembea, akatembea vizuri sana, akawa anapita katikati yetu bila kutuangalia. Maneno hakuna. Unamwita Akoth, Akoth, Akoth, hageuki. Lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, utamkuta ameshafika.

Nikampeleka hospitali. Daktari akasimama nyuma yake, akapiga makofi. Akoth hakugeuka. Daktari akasema huyu ni kiziwi, na mimi nikauliza kiziwi gani anasikia biskuti. Akaniambia mama, wacha niendelee na kazi, kuna watu kwenye foleni.

Ikabidi nitegemee wataalamu wa mtaani, ambao hawakuwa na foleni. Mmoja alisema nilikula mayai nikiwa na mimba. Mwingine alisema ni mlio wa cherehani uliomwingia tumboni. Wa kanisani alisema ni pepo, na pepo huyo ametoka upande wa mama. Nimeishi miaka mingi na sijawahi kusikia pepo aliyetoka upande wa baba.

Ndipo mama mkwe wangu alipokuja kutoka Usenge na gunia lake la omena, wale dagaa wa ziwani.

Alikaa nasi siku chache, akamtazama mtoto, akamwita, akamwita tena, kisha akatoa ripoti yake.

"Nyar Kano, hii mtoto haina ugonjwa. Iko na shida ya jina. Kuna mtu yetu alikufa, anataka jina yake."

Kwa wasiojua mila zetu, nieleze. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee husema kuna marehemu anayetaka kurithiwa jina. Basi mnakaa mnataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atanyamaza likitajwa, ndilo lake. Ni mila nzuri. Mimi mwenyewe nina jina la bibi yangu kwa njia hiyo hiyo. Shida ni kwamba mila ilitengenezewa mtoto anayelia, ambaye mwisho wake hunyamaza. Haikumfikiria Akoth.

Krismasi ikatukuta Usenge. Kina mama wa ukoo wakakaa kwenye mkeka, Akoth katikati, amevalishwa gauni la lesi linalokwaruza shingo, analia mpaka sauti imekauka. Wakaanza kutaja. Huyu wa babu, huyu wa shangazi, yule aliyeolewa ng'ambo ya ziwa akafia huko. Akoth analia tu.

Wakafika kwa shangazi mmoja wa zamani aliyeitwa Abuya, mwanamke ambaye inasemekana alimpiga chifu kofi.

"Abuya," wakasema.

Akoth akanyamaza kimya.

Vigelegele vilisikika mpaka majini. Kuku akachinjwa. Mama mkwe akalia kwa furaha, akanikumbatia hata mimi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, na niliona kitu. Nje ya ua, wanawake walikuwa wamemaliza kuanika, wakawa wanamimina omena kavu kutoka kwenye karai kubwa. Omena ikimiminwa inamemeta na inatoa sauti fulani ya kunyesha. Akoth alikuwa anaitazama hiyo. Shingo ilikuwa imegeuka, macho yametulia, mdomo wazi. Wao waliona Abuya, mimi niliona omena. Lakini mimi ni Nyar Kano, na hakuna aliyeniuliza.

Tukarudi Kisumu na jina jipya. Nikamwita Abuya. Hakuitika Abuya pia.

Taarifa ikafika Usenge. Mama mkwe akasema basi kuna mwingine nyuma ya Abuya, wanasukumana. Likizo iliyofuata wakataja tena. Akawa Achola. Likizo nyingine akawa Adera. Kila tukienda tunarudi na marehemu mwingine. Ilifika mahali kina mama wakaishiwa, wakaanza kutaja wanaume. Binti yangu amewahi kuwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga makasia mashuhuri, kwa muda wa pasaka nzima.

Mimi nilicheka wakati huo, wakuu, kwa sababu jina halimuumizi mtoto. Acha wampe yote. Sikujua kwamba majina yakiisha, wangetafuta dawa nyingine.

Na majina yakaisha. Wakati huo huo nursery school ikamrudisha. Mwalimu alinikabidhi mtoto getini, akasema ananiombea. Baba Akoth akaanza kuwa mtu wa kimya. Ndugu zake walikuwa wanamwandama, wanasema huyu mke wako anakaa na mtoto huyo hadharani, pale veranda, mji mzima unaona, na sisi tuna mabinti wa kuozwa.

Tukaitwa Usenge.

Tulipofika, mama mkwe alinishika mkono kwa upole kabisa, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Walikuwa wamejenga nyumba. Ndogo, udongo bado mbichi, mabati mapya yanang'aa. Mlango wa mbao nene. Dirisha hakuna.

"Ni ya Akoth," akasema. "Atakaa hapa na mimi. Nitamletea chakula mwenyewe, kila siku. Wewe pumzika, mwanangu."

Komeo lilikuwa nje.

Hapa sitanii. Nililishika lile komeo, nikalisogeza, likaingia mahali pake bila shida, fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Nikajiona Kisumu nimekaa kwenye mashine yangu, na mtoto wangu yuko humu gizani na hajui kuniita. Na yule mama hakuwa mtu mbaya. Angemletea chakula kweli, na samaki angechagua mzuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kupigana naye.

Nikajua pia kwamba nikilia nitaambiwa nimechoka. Nikipiga kelele nitaambiwa ndiyo shida hiyo hiyo, imetoka kwa mama. Nikatembea taratibu nikaingia kikaoni.

Kikao kilikuwa sebuleni, kila kiti kimevalishwa kitambaa cha kufuma. Ami za mume wangu wote walikuwepo, na mkubwa wao, ambaye kila mtu alimwita Jaduong', yaani mzee, alikalia kiti cha pekee. Mimi nikakaa chini kwenye mkeka, Akoth pembeni anazungusha kifuniko cha sufuria.

Jaduong' akasema, "Nyar Kano, tumeona taabu yako. Nyumba iko tayari. Mtoto itabaki hapa. Wewe rudi kazi, uzae ingine."

"Asante sana, Jaduong'," nikasema. "Nyumba nimeiona, ni nzuri. Mimi ni mtu wa Kano, sijui vizuri mambo ya huku. Niulize kidogo tu?"

"Uliza."

"Hii boma ni ya baba yake Akoth?"

"Ni ya baba yake na babu yake."

"Na Akoth ni msichana."

"Si unajua."

"Basi nataka kuelewa. Huku Usenge, msichana anajengewa nyumba yake ndani ya boma ya babake?"

Wakuu, niwaeleze mlio mbali. Kwetu kijana wa kiume ndiye hujenga nyumba yake ndani ya boma la baba. Msichana analala kwa nyanya yake mpaka aolewe, basi. Kumjengea binti nyumba ndani ya boma ni mwiko mkubwa, ni kuita chira, ile laana inayotafuna familia polepole, leo ng'ombe, kesho mtu. Na hawa mbele yangu ndio watu walionihubiria chira tangu mtoto azaliwe. Eti nilipanda mbegu shambani kabla ya mama mkwe. Eti nilikalia kiti nisichopaswa. Walitafuta chira mpaka kwenye mayai, halafu wakaijenga wenyewe kwa udongo na mabati.

Ami mmoja alikohoa. Mwingine aligundua kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa.

Jaduong' akauliza polepole, "Nani alisema ijengwe?"

Ajabu ni kwamba hakuna aliyesema. Yule alidhani ni huyu, huyu alidhani ni mama, mama alidhani kikao kilikwisha kaa. Ilionekana nyumba ilijijenga.

Mama mkwe akajaribu kuokoa. "Basi atalala kwangu. Hiyo ni sawa na mila."

"Ni sawa kabisa, Mama," nikasema. "Alale kwako, kitandani na wewe, kama nyanya na mjukuu. Atakuzoea. Sasa hivi akilala na mtu anapiga teke, na anaamka anaimba, lakini wewe ni nyanyake, utavumilia."

Mama mkwe alimtazama Akoth. Akoth alikuwa amepata kifuniko cha pili, sasa anavigonganisha karibu na sikio la Jaduong'.

"Nyathi huyu arudi Kisumu na mamake," mama mkwe akasema. "Mtoto anahitaji mamake."

Mabati yalishuka kabla ya chakula cha mchana. Mtaniuliza kama naamini chira. Siku hiyo niliamini sana, hakuna aliyeamini kunishinda. Kesho yake sikumbuki vizuri.

Baba Akoth hakuwa amefungua mdomo kikao kizima. Tulipotoka, alimbeba binti yake begani mbele ya ndugu zake wote, akaniambia, "Wewe ni mtu mbaya sana." Alikuwa anatabasamu, na hiyo ndiyo barua ya mapenzi pekee niliyowahi kupata kwa mtu wa Usenge.

Basi Akoth akarudi veranda, mchana kweupe, karibu na mashine yangu. Alipenda gurudumu la cherehani likizunguka. Alipenda vifungo, anavipanga kwa rangi, na ukichanganya utakoma. Wateja waliuliza, "Mama, huyu ni nini?" Nikawajibu ni Akoth.

Kwa kuwa nilikuwa naye kutwa, nikaona jambo ambalo huko hospitali hawakuwa na muda nalo. Kilio kikubwa kilikuwa nguo. Mshono ulimkwaruza, lebo ilimkwaruza, lesi ndiyo usiseme. Nikamshonea gauni la pamba laini, mshono wote nje, shingo wazi, bila lebo. Siku hiyo alivaa, akakaa, akaendelea na vifungo vyake. Mimi ndiye niliyelia. Mjini walinicheka, fundi anamvalisha mtoto nguo ndani nje. Nikawaambia ni fashion ya Nairobi, na nadhani wawili watatu waliamini.

Kuna mtu alikuwa anatutazama. Mke wa mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mama Dipak. Dipak alikuwa kijana wa kaunta. Yule mama alikuwa akishuka na chai yake, anasimama mlangoni, anamwangalia Akoth akipunga mikono, kisha anapanda tena. Siku moja akasema, "Mama Akoth, kuja juu."

Juu kulikuwa na chumba, na chumbani kulikuwa na kaka yake Dipak. Mtu mzima, mwenye ndevu, anayumba mbele na nyuma, anapunga mikono vile vile kabisa. Nilikuwa nimeshona chini ya chumba hicho kwa miaka na sikuwahi kujua yupo.

"Yeye nasikia mashine yako," Mama Dipak akasema. "Wewe kwenda nyumbani, yeye nakasirika sana." Akaanza kulia, na mimi nikaanza, na yule kijana akatutazama kama watu tusio na adabu.

Usenge ilikuwa komeo, mjini ilikuwa ngazi na pazia zuri la maua. Kila kabila lilikuwa na fundi wake.

Nikamshonea yule kijana mashati ya mshono wa nje. Jumamosi iliyofuata, duka likiwa limefungwa, Mama Dipak alimshusha kijana wake mpaka kwenye veranda. Akakaa karibu na cherehani, mkono kwenye gurudumu. Watu walitazama. Mama Dipak hakumrudisha.

Kisha akaja mwanamke kutoka Muhoroni, mume wake anaendesha trekta la miwa. Alikuja kununua kitambaa cha uniform, akamwona Akoth, akakaa chini kwenye ngazi. Wa kwake alikuwa amemfunga kwa leso kwenye mguu wa kitanda ili aweze kuja mjini. Alitueleza akiangalia chini, na hakuna aliyemsuta, tungemsuta kwa lipi. Tulimwambia Jumamosi amlete. Akamleta.

Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi mchana, veranda, kina mama na watoto wao. Mjini walidhani ni chama cha merry-go-round, cha kuchangiana pesa kwa zamu, mwanamke mmoja akataka sana kujiunga, akaudhika tulipomwambia masharti. Tulifundishana vitu vidogo. Namna ya kumkata nywele bila vita. Namna ya kumzoesha choo. Namna ya kumjibu pasta. Baadaye, miaka ya tisini, tukamwandama mwalimu mkuu mmoja mpaka akatupa chumba alichokuwa anawekea madawati yaliyovunjika. Alitupa ili tumwache apumue, lakini alitupa, na watoto wetu wakawa na darasa.

Huko ndiko daktari mgeni alikopita, akawatazama watoto, akasema neno autism. Baba Akoth alifurahi sana, akasema afadhali sasa tuna jina. Nikamwambia majina hatujawahi kukosa.

Na mama mkwe? Alikuja, wakuu. Alipanda ngazi za veranda Jumamosi moja, amezeeka, anamvuta mwanamke kijana wa pale ufukweni aliyembeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa asiyefaa tena kubebwa. Akamkalisha karibu nami.

"Huyu mke wa mwanangu ana mdomo mbaya," akamwambia. "Msikilize."

Kisha akaenda kukaa na Akoth, akampa kifungo kimoja kimoja, mpaka jioni. Hakuniomba msamaha na mimi sikuudai. Alikuwa amefanya makubwa kuliko hilo.

Akoth sasa ni mtu mzima. Maneno anayo machache na hayapotezi bure kama wengine humu. Akiitwa, huitika akitaka.

Nilichojifunza ni kifupi. Watu hawakuwaficha watoto wetu kwa sababu walikuwa wakatili. Waliwaficha wakidhani wanatusaidia, na ndiyo maana mkafika leo mnaamini hawakuwepo. Walikuwepo. Hamkuwaona kwa sababu walikuwa ndani.

Uwanja ni wenu. Mtaalamu wa simu na cartoon naye karibu, sina kinyongo naye.

Lakini wewe unayesoma kimya kimya, ambaye una mtoto ndani na umemfungia ili upate nafasi ya kusoma uzi huu, sikulaumu hata kidogo, najua uchovu huo. Nenda umfungulie kwanza. Ku-comment utatukuta.